Dar haihitaji Lupaso nyingine, inahitaji uwanja wa mpira

Kila Simba na Yanga wakikaribia kukutana, kuna mwalimu mwenzetu hapa shuleni ambaye lazima arudie hoja yake: Lupaso, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, imeshakuwa ndogo, jiji limekua, serikali ijenge uwanja wa watu laki moja. Husema hivyo huku anahesabu waliokosa tiketi, kuanzia shemeji yake. Mimi nafundisha hisabati, basi wenzangu hutarajia nitamuunga mkono kwa sababu napenda namba. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Ukigawa kwa viti 60,000 vya Uwanja wa Benjamin Mkapa, unapata kiti kimoja kwa karibu watu 90. Kwa hesabu hiyo hata laki moja na nusu hazitoshi.

Ila hiyo ni hesabu ya siku mbili tatu kwa mwaka. Fanya hesabu ya siku nyingine zote.

Msimu wa 2024/25 Simba walifanya KMC Complex, uwanja wa manispaa ya Kinondoni pale Mwenge, kuwa nyumbani kwao kwenye ligi. Katikati ya msimu Yanga nao wakaondoka Azam Complex, Chamazi, wakawafuata hukohuko. Yaani timu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, katika jiji lenye uwanja wa watu 60,000, zikawa zinapanga foleni kwenye uwanja mdogo kuliko hata ule wa Chamazi unaochukua watu 10,000. Hakuna aliyewalazimisha kwa bunduki. Mechi ya Jumatano na timu ya katikati ya msimamo ukiipeleka Lupaso, watu wanatawanyika kama mchele uliomwagika uani. Wanapiga kelele na kelele inapotelea hewani. Klabu inalipa gharama za jengo kubwa, taa kubwa na usafi mkubwa, halafu kwenye runinga viti vya rangi ndivyo vinavyoonekana kuliko watu.

Kwa hiyo tuna uwanja wa 60,000, tuna wa 10,000, na katikati pana shimo. Najua mtu ataniambia Uwanja wa Uhuru upo. Nitafika Uhuru.

Kwanza nizungumzie umbo, maana hapa ndipo tunapopunjwa na hatujui. Lupaso umejengwa kuzunguka njia ya riadha. Mwaka jana niliwapa kidato cha tatu swali tulipokuwa kwenye mada ya duara. Nikawaambia: njia ya riadha ya kawaida ina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja, na kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Ina njia nane za wakimbiaji, kila moja upana wa mita 1.22. Katikati yake weka uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68. Tafuta umbali kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa nje wa njia ya riadha, nyuma ya goli.

Jibu ni karibu mita 36. Fanya mwenyewe kama huamini: nusu ya 84.39, jumlisha 36.5, jumlisha 9.76, toa 52.5. (Nusu ya 84.39 ni 42.195, tarakimu zilezile za kilomita za marathoni. Darasa zima lilishangilia kuliko nilivyotarajia, na kengele ikapigwa tukiwa bado hapo.) Upande wa pembeni mambo si mabaya sana, ni mita 12 na kidogo. Ndiyo maana wa VIP na wale wa viti vya machungwa hawalalamiki. Wanaoumia ni sisi wa nyuma ya goli, na ndiko tiketi ya bei nafuu inakoelekeza watu wengi.

Kijana mmoja wa nyuma, shabiki wa Simba wa kutupwa, akanyosha mkono. "Mwalimu, sasa goli la kule ng'ambo liko mbali kiasi gani?" Jumlisha 105, unapata mita 141, na hapo umekaa safu ya kwanza kabisa umeegemea kizuizi. Wasanifu wa viwanja hujitahidi mtazamaji wa mpira asizidi mita 150 kutoka kona ya mbali ya uwanja, na 190 huichukulia kuwa mwisho wa uwezo wa jicho kuufuata mpira. Ukipanda safu za juu za mzunguko, yaani viti vya bei nafuu, pale Lupaso unaanza kuusogelea huo mwisho. Uwanja wa mpira tu, ule wa mstatili usio na njia ya riadha, safu ya kwanza nyuma ya goli inaweza kukaa mita nane au kumi kutoka kwenye mstari. Tofauti yake ni mita 26 hivi kwa kila mtu wa upande huo, na hujaongeza hata tofali moja la ghorofa.

Tarehe 28 Mei 2023, Yanga na USM Alger ya Algeria, mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nilikuwa mzunguko. Mayele wa Yanga aliposawazisha nililijua goli kwa masikio, kelele ilipokuja kama wimbi kutoka upande wa pili, kisha nikaliona kwenye skrini kubwa. Dakika mbili baadaye Waarabu wakapata la pili, na hilo nililijua kwa ukimya. Tuliokaa pale tulilipa kiingilio ili tukatazame televisheni ya pamoja. Raha yake ilikuwepo, sikatai. Ila ukienda Chamazi unamsikia kipa akiwafokea mabeki wake, unasikia buti linapogusa mpira. Mwanangu wa kike, ambaye Lupaso alisinzia, Chamazi alisimama dakika zote tisini.

Basi, umbo ni hoja yangu ya kwanza. Ya pili inaniuma zaidi, nayo ni nyasi.

Kumbukeni Pasaka ya 2024. Ijumaa Kuu, Machi 29, Simba wanacheza na Al Ahly robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kesho yake, Jumamosi, Yanga wanacheza na Mamelodi Sundowns, robo fainali ileile. Zote mbili Lupaso. Dunia nzima iliona sifa ya nchi yenye timu mbili kwenye robo fainali. Mimi niliona kapeti moja linakanyagwa usiku wa leo na usiku wa kesho, kwenye mwezi wa Machi.

Machi. Hapa ndipo kalenda inapotufunga. Mechi za mtoano za CAF, shirikisho la soka la Afrika, robo fainali hadi fainali, huangukia Machi mwishoni mpaka Mei. Masika ya Dar es Salaam nayo ni Machi mpaka Mei. Kila timu yetu inapofanya vizuri Afrika, inakwenda kukutana na mvua nyumbani. Si bahati mbaya ya mwaka mmoja, ni ratiba.

Mwaka 2025 ratiba hiyo ikatushika. Kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Simba waliwatoa Al Masry kwa penalti pale Lupaso mwezi wa Aprili, kisha sehemu ya kuchezea ikakataliwa na CAF. Nusu fainali na Stellenbosch ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Tukadhani fainali itarudi. Haikurudi. Tarehe 25 Mei 2025, Simba, wakiwa wamefungwa mbili bila kule Berkane, walicheza fainali ya marudiano kisiwani, kwenye uwanja wa watu 15,000, wakatoka sare ya 1-1. Kombe likaenda Morocco.

Mimi ni Yanga. Ningeweza kucheka, na siku ile nilicheka kidogo, nisiwe mnafiki. Lakini hebu itazame nje ya utani wa jadi. Jiji la watu zaidi ya milioni tano lilipata fainali ya Afrika na likakosa pa kuichezea, kwa sababu lina kapeti moja tu la viwango hivyo na siku hiyo kapeti lilikuwa limelowa. Watu wa Amaan walistahili, uwanja wao ulikuwa umefunguliwa upya Desemba 2023 na ulipendeza. Nawapongeza. Ila mashabiki wa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta walihitaji nauli ya boti kwenda kuiona fainali ya timu ya Kariakoo.

Yule mwenzetu wa viti laki moja, ambaye ni Simba, alikuwa wa kwanza kuniambia wangekuwa na kapeti jipya la 60,000 wangebeba kombe. Nikamuuliza, kaka, hilo la laki moja ulilolitaka lingezuiaje mvua? Uwanja mmoja mkubwa zaidi ungechakaa kwa namna ileile, kwa timu zilezile, kwenye miezi ileile. Nyasi hazipumziki kwa kuongezewa viti. Zinapumzika pakiwa na uwanja wa pili.

Huo wa pili nasema uwe wa watu 25,000 hadi 30,000, mpira tu, majukwaa manne yaliyosogea mpaka karibu na mstari. Uwe mkubwa kuliko Chamazi kwa mara mbili u nusu au tatu, uwe nusu ya Lupaso. Derby ibaki Lupaso. Taifa Stars wakicheza mechi ya kujaza, Lupaso. Fainali, Lupaso, kama nyasi zinaruhusu. Zilizobaki zote, yaani makundi ya CAF dhidi ya timu zisizo na jina, ligi, Kombe la FA, timu ya wanawake, ziende kwa mdogo wake.

Kuna hoja moja ya kitaalamu dhidi ya viwanja vya mstatili ambayo naiheshimu. Majukwaa yakiwa karibu na marefu, nyasi zinakosa jua na upepo. Ulaya huingiza mitambo ya taa usiku kucha kuziotesha. Hapa kwetu tumebahatika. Dar iko karibu nyuzi saba kusini ya ikweta, na jua la saa sita mchana hukaa karibu kabisa na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Jukwaa lenye paa litaweka kivuli asubuhi na jioni, mchana nyasi zinaota. Adui yetu ni maji. Kwa hiyo hela ambayo wenzetu wanaitumia kwenye taa, sisi tuizike chini: mabomba ya kutosha, kokoto, mchanga safi, na mahali pa kuyapeleka maji yakishatoka. Hilo la mwisho Dar huwa tunalisahau hata kwenye barabara.

Wengine wameshapita njia hii. Juventus walikuwa wakichezea Delle Alpi, uwanja wa karibu watu 70,000 uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1990, una njia ya riadha, na mashabiki waliona wachezaji kama sisimizi. Klabu tajiri kama ile ingeweza kupanua. Ilibomoa, ikajenga wa watu 41,000 usio na riadha, ukafunguliwa 2011. Waliupunguza, na kelele ikaongezeka.

Majirani zetu wa Nairobi nao, baada ya miaka yote ya Kasarani na Nyayo, viwanja viwili vyenye njia za riadha, wakaanza Machi 2024 kujenga Talanta kule Ngong Road: mpira tu, watu 60,000. Umbo wamelipatia. Ukubwa, mimi naona wamejikabidhi mzigo. AFCON 2027 ikishapita nani atakijaza kila wiki? Gor Mahia na AFC Leopards, mahasimu wa Nairobi, hawakutani kila Jumapili. Huko ndiko nisikotaka tuelekee. Sisi wa 60,000 tunao tayari.

Sasa riadha. Nimeshaambiwa mtandaoni kwamba nawachukia wanariadha. Hapana jamani. Nchi hii ilimtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na Septemba 2025 Alphonce Simbu akaleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo. Njia ya riadha ya Lupaso ibaki palepale, tena itumike. Ninachokataa ni kujenga ya pili kwa mazoea, eti kila uwanja wa serikali lazima uwe na kila kitu, halafu wakimbiaji wenyewe wako Arusha na Manyara wanakimbia barabarani alfajiri. Njia ya riadha yenye jukwaa la kawaida la watu 3,000, karibu na shule, iliyo wazi kila jioni, ingewafaa kuliko ile iliyozungukwa na viti 60,000 na walinzi.

Wapi, basi? Yanga wamezungumzia Jangwani miaka nenda rudi. Moyo wangu uko pale, klabu iko pale, lakini mimi nimeona Jangwani ikiwa ziwa, mabasi ya mwendokasi yakiwa yamesimama ndani ya maji kwenye karakana yao. Labda kazi inayofanyika Bonde la Msimbazi itabadilisha mambo. Mpaka hapo, kapeti linalohofia mvua sitalipeleka mtoni. Chamazi ni pazuri ukiwa ndani. Tatizo ni kutoka. Mechi ya saa moja usiku inaisha karibu saa tatu, mnaanza kusukumana barabara ile kuelekea Rangi Tatu, bodaboda wamepandisha bei, na mwenye kipindi saa moja na nusu asubuhi ndiye mimi. Kuna wanaotaja Bunju na Kibamba kwa sababu ardhi ipo. Ardhi ipo kwa sababu ni mbali.

Kwangu jibu liko ukuta kwa ukuta na Lupaso. Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru.

Uhuru ndiko bendera ilikopandishwa Desemba 1961, na ndiyo sababu watu huogopa kuugusa. Tangu jirani yake afunguliwe 2007, mpira mkubwa ulimhama, akabaki na sherehe, mabonanza na ukarabati. Uwezo wake huwa unatajwa kuwa watu kama 23,000. Ardhi ni ya umma, hakuna wa kulipwa fidia. Barabara ya Kilwa ina mwendokasi, Mandela iko mgongoni, stesheni ya TAZARA si mbali. Ninachopendekeza ni kubadilishana kazi. Gwaride, maadhimisho na viapo viende Lupaso, penye viti 60,000 na njia pana ya riadha ambayo ni kama ilichorwa kwa ajili ya gwaride. Uhuru igeuzwe uwanja wa mpira wa mstatili, majukwaa yasogezwe, ifike 30,000. Mlingoti wa bendera ubaki na jiwe la kumbukumbu lipate heshima yake getini.

Na nikitaja geti sitaki kupita haraka. Machi 2021, wakati wa kuuaga mwili wa Rais Magufuli, watu 45 walikufa kwa msongamano hapohapo Uhuru. Sisi wa Temeke hatujasahau, kuna nyumba za mtaani kwetu zilizozika. Yeyote atakayechora Uhuru mpya aanze na njia za kutokea, upana wake na idadi yake, kabla hajafika kwenye paa. Ukaribu wa viti na nyasi una maana pale tu ambapo mtu anaweza kuingia na mtoto bila kumbeba juu ya kichwa.

Mwenzetu amenijibu kwamba viwanja viwili sehemu moja ni foleni mara mbili. Ni kweli, kama vikitumika siku moja. Visitumike siku moja. Bodi ya Ligi tayari inapangua ratiba kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Akasema tena kwamba mvua ikinyesha Lupaso itanyesha na Uhuru. Hapo alinibana kidogo. Nikamwambia mvua itanyesha kote, ila kapeti lililochezewa mechi moja wiki hiyo si sawa na lililochezewa nne, na lenye mabomba mapya si sawa na lenye ya zamani. Hakunikubalia sana, lakini namba ya laki moja hajaitaja tena tangu muhula uanze.

Gharama sina cha kuandika, maana mchoro wenyewe haupo, na kutaja bilioni bila mchoro ni kubahatisha. Ninachoweza kusema ni mahali pa kubana: marumaru za VIP, mageti ya kupigia picha, mapambo ya nje yenye taa za kubadilika rangi. Wasibane mifereji, vyoo, wala mshahara wa mtunza nyasi. Na mtunza nyasi apewe mamlaka ya kusema hapana. Akija mtu na jukwaa la tamasha la vyuma tani kadhaa anataka kuliweka katikati ya uwanja wiki mbili kabla ya mechi ya CAF, mtunza nyasi akikataa, iwe imekwisha, hata kama aliyeomba ana barua kutoka juu.

Swali lililobaki kwenye chumba cha walimu ni jukwaa lipi la Uhuru mpya watapewa Yanga na lipi Simba. Mimi nimeshachagua la kaskazini, kwa sababu jua la jioni halinipigi machoni. Mwenzangu anasema na yeye ameshalichagua hilohilo.